Kiti cha Muulizaji

Swali lililowanyamazisha watu kuliko yote katika chemsha bongo yetu ya Ijumaa jioni pale Kibwezi halikuhusu Ulaya, wala sayari, wala Kombe la Dunia. Mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli alifungua daftari lake, akavaa miwani, akasoma taratibu: "Ukitoka hapa kwenda Kitui kwa barabara ya Mutomo, unavuka mto Athi, kisha unapanda uwanda mrefu ambao juu yake ni tambarare tupu. Uwanda huo uliumbwa na nini?"

Kimya. Walikuwamo walimu, muuguzi, waendesha bodaboda, karani wa kaunti, na dereva wa matatu aliyeupanda uwanda huo kila siku ya Mungu. Dakika chache kabla, watu hao hao walikuwa nusura wagombane juu ya miji inayopitiwa na mto Danube. Sasa kila mmoja alitazama kikombe chake. Hatimaye dereva akasema, "Mzee, hicho ni kilima tu," nasi tukaangua kicheko.

Mzee hakucheka. Alitusomea jibu. Uwanda wa Yatta ni lava iliyoganda. Zaidi ya miaka milioni 10 iliyopita lava hiyo ilifuata bonde la mto wa kale kwa karibu kilomita 300, kuanzia upande wa Ol Donyo Sabuk hadi ndani ya Tsavo. Ilipopoa ikawa mwamba mgumu kuliko ardhi iliyoizunguka. Mvua na mito ikaila ardhi ya kando kidogo kidogo, hata kilichokuwa sakafu ya bonde kikabaki juu, na kilichokuwa juu kikawa bonde. Wanajiolojia huutaja uwanda huo miongoni mwa mitiririko mirefu zaidi ya lava duniani.

Jibu lilinifurahisha, lakini kilichonikaa akilini ni safari ya swali lenyewe. Mzee alituambia kwamba tangu enzi za kazi yake alikuwa akijiuliza kwa nini ule mgongo umenyooka hivyo. Zamu yake ya kutunga maswali ilipofika, alimwuliza kijana wa jirani aliyekuwa akisoma jiografia katika Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kule Kwa Vonza. Hakutosheka. Akamtafuta mwalimu mwingine athibitishe. Kisha akaliandika swali na kulifuta, akaliandika tena, mpaka likawa halina mwanya wa mtu kubishana. Sisi tulioketi upande wa kujibu tulipata sufuri na jibu moja. Yeye alipata wiki nzima ya masomo.

Tangu siku hiyo nimeshikilia jambo moja: anayetaka kuupima ujuzi wake asikimbilie kujibu maswali. Atunge. Kiti cha muulizaji ndicho chenye mtihani mgumu.

Chemsha bongo yetu haikuwa na fahari yoyote. Tulikutana katika hoteli ya chai, jioni, watu wakishatoka kazini. Kulikuwa na chai, chapati na mandazi, na aliyekuja na njaa ya kweli aliagiza muthokoi. Tuligawanyika katika timu za watu wanne. Simu zote zilitiwa ndani ya kiondo kilichowekwa katikati ya meza, maana bila hivyo kungekuwa na mtu wa kugugo chini ya meza huku akijifanya anakuna goti. Kengele yetu ilikuwa kijiko na kikombe cha bati. Kila timu ilitoa shilingi 100, na fedha hizo ndizo zilizolipa chai ya washindi.

Sheria moja ndiyo iliyoupa mchezo wetu uhai. Timu iliyoshika mkia ilipewa adhabu ya kutunga maswali 20 ya Ijumaa iliyofuata. Hakuna aliyeipenda adhabu hiyo mwanzoni. Watu walijitahidi wasiwe wa mwisho, si kwa uchungu wa shilingi 100, bali kwa kuogopa ile kazi ya wiki nzima. Baada ya muda nikaanza kuona mabadiliko. Timu iliyotoka kutunga maswali ilirudi ikiwa imenolewa; wiki iliyofuata ilijibu kwa kasi, ikapinga majibu ya wenzake kwa hoja, ikajua hata pale swali lilipokosewa. Adhabu ilikuwa inawafunza watu kuliko zawadi.

Nikitafuta kwa nini jambo hilo lilitushangaza, naona ni kwa sababu ya tulivyosomeshwa. Wengi wetu tulikuwa watoto wa 8-4-4, mfumo ulioanza mwaka 1985 na ambao mtihani wake wa mwisho wa darasa la nane, KCPE, ulifanywa mwaka 2023. Somo letu la maarifa lilikuwa GHC, yaani jiografia, historia na uraia, na kitabu chetu cha marudio kilikuwa cha Malkiat Singh. Kilipita mikononi mwa kaka, dada na binamu hadi jalada likaisha. Maswali yalikuja na majibu manne, A hadi D, na kazi yetu ilikuwa kuchagua herufi. Mtoto wa Mutomo ambaye hajawahi kuona kiwanda cha maziwa angekueleza vyama vya ushirika vya wafugaji wa Denmark. Wa Mbooni angekueleza kilimo cha ngano Canada na uvuvi wa Japani. Siyabezi maarifa hayo. Yalitufungulia dunia tukiwa bado tunatembea pekupeku. Ila sikumbuki siku hata moja ambayo mtoto aliambiwa: leo tunga wewe.

Na jambo hilo halikuwa geni kwetu. Usiku, kabla ya chakula kuiva, susu, yaani bibi yetu, alikuwa akianza: "Kwata ndai!" Sisi wajukuu tunajibu: "Nakwata!" Anatega, tunahangaika, tukishindwa tunakubali kushindwa na kufumbuliwa. Lakini hakuhodhi zamu. Akishatega chache, anamgeukia mjukuu na kumwambia atege naye. Ole wako utege kitendawili ulichokisikia jana! Susu alitaka kipya, na kama fumbo lako lilikuwa na majibu mawili, wakubwa walikukalia kikao mpaka ulirekebishe. Pwani wana desturi hiyo hiyo, ya kitendawili na tega, na anayeshindwa hutoa mji. Kwa hiyo mtoto wa Ukambani alikuwa amekaa kwenye kiti cha muulizaji kabla hajakaa kwenye dawati. Shule ilimpa mengi, lakini kiti hicho ilikitwaa.

Mashindano makubwa ya maswali nayo tuliyapenda. Kuanzia mwaka 2007, Celtel Africa Challenge, ambayo baadaye iliitwa Zain Africa Challenge, ilileta wanafunzi wa vyuo vikuu vya Afrika kwenye televisheni, na John Sibi-Okumu akiwauliza kwa sauti yake ya utulivu. Tulikuwa tukijibu kabla ya wale wanafunzi, tukijipongeza. Ni kuigiza mashindano hayo ndiko kulikotupa wazo la kile kikombe cha bati. Hata hivyo, mtazamaji wa mashindano kama hayo huona nusu tu ya kazi. Haoni wale waliokaa siku nyingi nyuma ya pazia wakihakiki kila jibu. Sisi wa hotelini hatukuwa na watu wa nyuma ya pazia; tulikuwa wenyewe kwa wenyewe. Na hapo ndipo mafunzo yalipoanza kuja.

Fundisho la kwanza ni kwamba majibu yana umri. Ijumaa moja timu ya vijana ilileta swali lililoonekana jepesi: Ukambani una wilaya ngapi? Mzee wa reli alijibu mbili, Machakos na Kitui. Mwalimu wa makamo akasema nne: Machakos, Kitui, Makueni na Mwingi. Mwendesha bodaboda, kijana wa juzi, akawacheka wote wawili. Wilaya gani? Siku hizi ni kaunti, na Ukambani una tatu. Kelele zilisikika hadi barabarani.

Ukiangalia vizuri, kila mmoja alikuwa anasema kweli ya ujana wake. Makueni ilikuwa sehemu ya Machakos hadi ilipofanywa wilaya mwaka 1992. Mwingi ilimegwa kutoka Kitui mwaka 1993. Baadaye wilaya ziligawanywa tena na tena mpaka ikawa vigumu kuzihesabu. Katiba ya mwaka 2010 ilipokuja, kaunti 47 zilichorwa kwa kufuata wilaya zilizotambuliwa na Sheria ya Wilaya na Mikoa ya 1992. Makueni ilikuwamo katika sheria hiyo. Mwingi, iliyozaliwa mwaka mmoja baadaye, haikuwamo. Ndiyo maana leo kuna gavana Wote, na hakuna gavana Mwingi.

Tazama jinsi swali la "ngapi" lilivyozaa swali la "kwa nini", na la pili likawa na nyama kuliko la kwanza. Tuliwapa alama wote watatu, kisha tukaweka sheria: kila swali lije na mwaka wake. Sheria hiyo ilituokoa mara nyingi. Nchi kubwa kuliko zote Afrika ni ipi? Mwaka 2010 ni Sudan. Baada ya Julai 2011, Sudan Kusini ilipojitenga, ni Algeria. Sayari ni ngapi? Tulikariri tisa shuleni, lakini mwaka 2006 wanaastronomia waliitoa Pluto katika orodha, zikabaki nane. Mtu anayejibu haraka hahitaji kujua tarehe ya jibu lake. Anayetunga swali lazima aijue, la sivyo atabebwa mzobemzobe na ukumbi mzima.

Fundisho la pili ni kutenganisha kinachojulikana na kinachosemwa. Karibu na mji wa Kitui kuna jiwe kubwa la Nzambani. Kila mtoto wa huko ameambiwa kwamba ukilizunguka mara saba, mwanamume hugeuka mwanamke na mwanamke hugeuka mwanamume. Mtu mmoja wa Kitui alileta swali: ni jiwe gani hugeuza jinsia ya mtu? Muuguzi wetu alisimama. "Mwalimu, hilo si swali la maarifa. Nani aligeuka, na kadi yake ya hospitali iko wapi?" Mwenye swali naye hakukubali kushindwa: "Dada, kujua kwamba watu wanasema hivyo nako ni maarifa."

Niliwasikiliza wote nikaona wote wana haki, na kwamba tatizo lilikuwa katika sentensi tu. Ukisema "ni jiwe gani hugeuza", umesema uongo. Ukisema "ni jiwe gani ambalo wenyeji husimulia kwamba hugeuza", umesema kweli, na umeheshimu simulizi bila kuipa cheti cha sayansi. Kuanzia hapo neno "inasemekana" likawa na thamani kwetu. Tulilitumia kwa utabiri wa Syokimau, mtabiri wa kale wa Ukambani, kuhusu nyoka mrefu atakayetoka baharini, ambao watu huuhusisha na reli. Lakini tarehe za reli yenyewe hazihitaji "inasemekana": ilianza Mombasa mwaka 1896, ikapita Mtito Andei, Kibwezi, Makindu na Emali, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Ziwa Victoria mwaka 1901. Vilevile kwamba Hamoud bin Mohammed alikuwa Sultani wa Zanzibar kutoka 1896 hadi 1902 ni historia iliyoandikwa. Ziara yake relini, inayosimuliwa kuwa ndiyo iliyoupa mji wa Sultan Hamud jina lake, tuliiuliza kwa uangalifu zaidi.

Muulizaji akizoea kujihoji namna hiyo kwa maswali 20, hawezi tena kusoma gazeti au ujumbe wa WhatsApp kwa macho yale yale. Anajikuta anauliza: hili linajulikana, au linasemwa? Na aliyelisema kwanza alilijuaje?

Fundisho la tatu lilinichukua muda mrefu kulitambua: anayeuliza ndiye anayechagua shujaa. Kuna swali ambalo kizazi chetu chote kilipewa shuleni, la Mzungu wa kwanza kuona Mlima Kenya. Jibu ni Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, na tarehe ni Desemba 3, 1849. Tulilijua kama jina la baba. Sasa lisogeze swali hatua moja: Krapf alikuwa amesimama wapi? Alikuwa Kitui. Lisogeze tena: alifikaje huko, na kwa mwaliko wa nani? Alikuwa mgeni wa Kivoi wa Mwendwa, mfanyabiashara mkubwa wa Kikamba ambaye misafara yake ya pembe za ndovu ilikuwa ikishuka hadi pwani, na ambaye aliujua mlima ule na theluji yake. Wanajiografia wa Ulaya, wakiwa wamekaa vitini mwao, walibisha kwamba theluji haiwezi kuwako karibu na ikweta. Kivoi hakuhitaji kubishana na mtu. Miaka miwili baadaye, mwaka 1851, alishambuliwa na kuuawa akiwa safarini kuelekea mto Tana pamoja na Krapf.

Historia ni ile ile, siku ni ile ile, mlima ni ule ule. Ukiuliza "nani aliuona kwanza" kwa macho ya Ulaya, shujaa ni mgeni. Ukiuliza "nani alimpokea na kumwonyesha", shujaa ni mwenyeji. Maswali yote mawili ni halali na majibu yake yote ni kweli. Lakini darasa linaloulizwa la kwanza tu kwa miaka mingi litakua likidhani kwamba ya kujulikana hufanywa na watu wa mbali. Sikuwahi kuiona nguvu hiyo nilipokuwa najaza herufi A hadi D. Niliiona nilipolazimika kuamua mwenyewe ni swali lipi liingie katika yale 20.

Kutokana na hilo tulianzisha raundi tuliyoiita ya nyumbani. Masharti yalikuwa mawili: swali lihusu Kitui au Makueni, na jibu lithibitishwe na watu wawili walio hai. Kitabu na simu vilikubaliwa kama nyongeza, si kama mashahidi. Watu walinung'unika kwamba maswali yataisha mwezi mmoja. Hayajaisha.

Kuna yaliyokuwa ya hesabu. Katika sensa ya 2019, ni ipi kati ya kaunti hizi mbili iliyopita watu milioni moja? Kitui, 1,136,187; Makueni ilibaki kidogo tu nyuma ya mstari, 987,653. Wengi walikosea kwa sababu Makueni, iliyolala kando ya barabara ya Mombasa, huonekana na watu zaidi. Wanasahau kwamba Kitui ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000, karibu mara nne ya jirani yake. Kuna yaliyokuwa ya watu. Mwanamke wa kwanza kuwa waziri katika baraza la mawaziri la Kenya alitoka wapi? Kitui: Nyiva Mwendwa, aliyeingia bungeni mwaka 1974 na kuteuliwa waziri mwaka 1995. Kuna ya dini pia: kituo cha kwanza cha Africa Inland Mission nchini Kenya kilifunguliwa wapi? Nzaui, Makueni, mwaka 1895. Waumini wengi wa AIC, kanisa lililotokana na misheni hiyo, waliokuwa ukumbini hawakulijua hilo, ingawa wengine waliupita mlima wa Nzaui wakienda kanisani.

Raundi hiyo ilibadilisha hata sura za waliohudhuria. Mama aliyeuza ndengu na pojo mbele ya hoteli alikuwa akitusikiliza kupitia dirishani. Usiku mmoja swali lilikuwa la kuzipanga njaa za Ukambani kwa kufuata miaka. Wenye shahada waliguna. Yeye akaingia na beseni lake, akaomba ruhusa, akaanza. Ngomanisye, ile ya mwisho wa karne ya 19 iliyosambaa kila mahali wakati reli inajengwa, aliisikia kwa bibi yake. Ile ya mwaka 1961 aliielezwa na mama yake. Nikw'a Ngwete ya 1984 aliiona kwa macho yake, mwaka ambao watu walikuwa na fedha mkononi na dukani hakuna unga wa kununua. Hakutaja miaka kama sisi. Alisema fulani alizaliwa njaa hii, fulani aliolewa baada ya njaa ile, na ukipiga hesabu unaipata tarehe pasipo shaka. Tulimpa alama zote, na wiki iliyofuata alikuwa na timu.

Ni yeye pia aliyetutungia swali la ukuta wa mchanga. Kwa nini watu hujenga ukuta wa zege kuvuka mto mkavu, halafu wanaacha ujae mchanga badala ya maji? Mwalimu wa sayansi alianza kutoa nadharia. Mama akamsaidia: maji hukaa ndani ya mchanga, katika nafasi kati ya chembe na chembe, jua haliyafikii, mifugo haiyachafui, na mchanga wenyewe huyachuja. Ujazo wa maji ni kama robo hadi theluthi ya mchanga wote. Ukichimba kidogo baada ya mvua kuisha, unateka. Alikuwa ameubeba mchanga na mawe ya kuta hizo mgongoni, katika kazi za pamoja za mwethya, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kumpinga. Swali lake lililofuata lilikuwa la matuta ya fanya juu: udongo wa mfereji hutupwa upande gani, na kwa nini? Hutupwa juu, upande wa mlima, ili maji ya mvua yakusanye udongo nyuma ya tuta, na baada ya miaka mteremko ujisawazishe wenyewe uwe ngazi. Vijana waliosoma kilimo hadi kidato cha nne walijua jina. Yeye alijua sababu.

Liko fundisho jingine, dogo kwa sura lakini lenye faida kila siku. Mzee wa reli alisisitiza kwamba maswali matano ya kwanza ya kila Ijumaa yawe ya Ijumaa iliyopita. Wengine waliona ni kupoteza muda. Lakini sayansi ya kumbukumbu inamuunga mkono. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya kujipima mwenyewe, akaonyesha jinsi tunavyosahau haraka sana mwanzoni. Mwaka 2006 Wamarekani Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Baadhi walikisoma mara ya pili. Wengine, badala ya kusoma tena, waliambiwa waandike wanachokikumbuka. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Kwa maneno mengine, kulitafuta jambo kichwani ndiko kunakolikaza humo. Na wiki moja ni muda mzuri: umeshaanza kusahau, lakini bado hujapoteza.

Watu huniuliza kama mambo haya yana maana tena, sasa kwa kuwa kila kijana ana bando na jibu la kila kitu liko mfukoni. Naona yana maana zaidi. Zamani jibu lilikuwa adimu, na aliyekuwa nalo aliitwa msomi. Leo jibu ni rahisi kupita mandazi. Kilichobaki kuwa adimu ni swali zuri: lenye mwaka wake, lenye chanzo chake, lisilodanganya katika maneno yake, na linalomjali mtu aliye jirani kama linavyomjali aliye mbali. Simu haiwezi kukuambia usilolijua kama hujajua kwamba hulijui. Mwenye kutunga ndiye anayeligundua pengo hilo, kwa sababu kalamu yake hukwama hapo hapo penye pengo.

Kwa hiyo, kama kwenu kuna watu wanaokutana kila wiki, kwenye chama, kanisani, msikitini, kijiweni au kwenye chumba cha walimu, sihitaji kuwashauri mnunue chochote. Wekeni simu kwenye kiondo. Wanaoshindwa watunge ya wiki ijayo. Matano ya kwanza yawe ya wiki iliyopita. Kila swali lije na mwaka na chanzo. Na angalau moja litoke nyumbani, lithibitishwe na watu wawili walio hai. Kama hujui uanzie wapi, anza na shule ya msingi iliyo karibu nawe: nani alitoa ardhi yake, darasa la kwanza lilijengwa mwaka gani, na kabla ya hapo watoto walisomea wapi? Ukikuta huna jibu hata moja, usihuzunike. Umeshapata maswali matatu.